Kazi Yangu Ilikuwa Vumbi

Nyinyi vijana mkisikia chopa mnakimbia nje mnaangalia juu. Mimi nikisikia chopa naangalia chini. Naangalia kama kuna leso imeanikwa kwa ua, kama kuna kuku, kama kuna mtu ameweka mabati kwa paa na hajapiga misumari. Halafu naangalia vumbi. Huko juu kuna rubani, ni kazi yake kujua mambo ya huko. Mimi nililipwa kuangalia chini, na hata sasa nimestaafu, shingo yangu ilizoea hivyo.

Naitwa Mbithe, lakini hapa kila mtu ananiita Susu, ndio kusema nyanya, hata wengine wenye mvi kunishinda. Shule nilifika standadi tatu, mvua ikakosa, nikatolewa nichunge mbuzi. Kwa hivyo haya maneno mimi nasema na mjukuu wangu Mwende anaandika. Mkiona mahali haijakaa vizuri, huyo ni Mwende. Yeye na wenzake wameandikwa kazi ya uwanja na watu wa chopa, ndio akaniambia, "Susu, tuambie vile mlikuwa mnafanya." Sasa mtakaa mpaka nimalize.

Chopa ikishuka Nairobi inashuka kwa simiti. Ikija kwetu Ukambani inashuka kwa fildi ya mpira, na fildi yetu wakati wa kiangazi ni unga. Ile upepo ya mapanga yake yanazunguka juu ikipiga chini, vumbi inainuka yote mara moja, rubani anakuwa kama mtu amevalishwa gunia. Haoni kushoto, haoni chini, hajui kama amegusa ama bado. Kapteni Kassim, rubani mwenye nilifanya naye kazi miaka mingi, aliniambia, "Mama Mbithe, kupaa si kitu. Roho yangu hukaa mkononi pale mwisho mwisho, karibu na ardhi." Sasa hapo mwisho mwisho ndipo mimi nilikuwa. Mtu lazima atangulie na lori ya mafuta, atoe mawe, afukuze wanyama, amwage maji, asimame mahali anaonekana. Huyo mtu alikuwa mimi.

Kazi yenyewe nilipata na hasira. Nilikuwa nakaanga mandazi Kitui mjini, kando ya uwanja fulani. Siku moja chopa ikashuka bila kuuliza mtu. Unga yangu yote ikapaa, sufuria ikajaa mchanga, na zile mandazi zilikuwa kwa sinia sikuziona tena. Nikangoja mapanga isimame, nikamfuata rubani nikiwa mweupe kama mzimu. Huyo rubani alikuwa Kassim, mtu wa pwani, Kiswahili chake ni ile ya kusoma kwa kitabu.

"Samahani sana mama, sikukusudia."

"Mimi sitaki hiyo. Mimi nataka mandazi zangu."

"Nitakulipa."

"Na kesho utakuja tena?"

"Kesho nitakuja tena."

"Basi kesho mwaga maji kwanza. Hata mtoto akifagia nyumba anamwaga maji kwanza."

Akacheka mpaka akavua miwani. Akaita fundi wake, anaitwa Barasa, mtu mkubwa wa kutoka Magharibi mwenye alikuwa haongei sana. Akamwambia, "Barasa, huyu mama ametufundisha kazi." Barasa akaniangalia, akaangalia sufuria yangu, akasema, "Ako sawa." Hiyo ndiyo ilikuwa intavyu yangu.

Barasa ndiye alinifundisha kukaa na chopa. Hakutumia maneno ya mashini, aliniuliza tu, "Kwenu kuna punda?" Nikasema kwetu hata kanisani kuna punda, inangoja nje. Akasema, "Basi unaijua hii. Usipite nyuma yake. Nyuma haikuoni, na ikikupiga hautaambia mtu. Pitia mbele, mahali rubani anakuona macho, na ungoje akuite." Mwende, andika hiyo vizuri. Ule mkia una kapanga kadogo, kakizunguka hakaonekani hata kidogo, unaona hewa tu. Na kama uwanja uko na mteremko, ingia na utokee upande wa chini. Upande wa juu yale mapanga makubwa yanakaribia kichwa, na kichwa haina spea.

Sasa maji. Hapa ndipo nilitukanwa sana.

Nyinyi mnajua mama wa kwetu anaamka giza, anaenda na punda mpaka mtoni, anachimba mchanga mpaka anaingia kiuno, anangoja maji ijikusanye kama jasho. Halafu saa nne anapita kwa fildi ananikuta nimebeba mtungi namwagia mavumbi. Mmoja alisimama akaniuliza pole pole, "Mwaitu, mama yangu, huko kwenu nani alikuloga?" Na alikuwa anasema ukweli. Tangu hiyo siku sikumwaga tena maji ya kunywa. Nilianza kupita kwa mahoteli na kwa manyumba naomba maji chafu. Maji ya kufua, maji ya kuosha sufuria. Na hapo nikajifunza kitu. Maji safi ukimwaga kwa vumbi kavu inajiviringisha tu juu kama shanga, haitaki kuingia. Maji ya sabuni inaingia mara moja. Na maji ya matope ni nzuri zaidi, ikikauka inashika ile vumbi kama mtu amepaka nyumba. Usimwage mpaka iwe tope, miguu ya chopa itazama. Mwaga jioni, halafu mwaga asubuhi, na mwaga zaidi upande upepo inatoka. Watu wengi wanalowesha pale katikati tu. Vumbi haitoki katikati peke yake, inatoka pande zote kama wajukuu wakisikia sufuria imefunguliwa.

Mwalimu wangu mwingine hakuwa hata wa ndege. Ilikuwa Mwingi, siku ya soko ya mbuzi. Watu walikuwa wameniambia soko itakuwa imeisha, kumbe haijaisha. Chopa inasikika, na mbele yangu mbuzi ni mingi kama nywele. Nikaanza kukimbia nikipiga kelele, mbuzi ikaona mimi ndio hatari, ikaanza kuelekea kwa fildi yenyewe. Kulikuwa na mzee Msomali, mchuuzi wa mifugo, anaitwa Mzee Abdi. Aliketi kwa kiti chake anakunywa chai ya maziwa. Akasema, bila kuinuka, "Mama, unafukuza wote?"

"Sasa nifukuze wangapi?"

"Hakuna kufukuza. Ona yule beberu na kengele. Shika huyo tu. Mwenye kutangulia akisimama, hawa wengine hawana akili yao."

Nikamshika yule beberu pembe, nikamkalia karibu. Mbuzi zote zikasimama zikituangalia sisi wawili kama tunahubiri. Chopa ikashuka upande ule, hakuna hata moja ilikimbia. Mzee Abdi akamaliza chai yake. Niliweka hiyo maneno kwa roho, na ilikuja kunisaidia siku kubwa.

Lakini kabla ya hiyo siku kubwa, kulikuwa na Mbumbuni, na ya Mbumbuni lazima niseme, ndio muelewe.

Kulikuwa na harusi. Bwana harusi amekodi chopa, ukoo mzima wa bibi harusi unangoja. Chokaa ya kuchora ile alama ya H imeisha njiani, ilimwagika kwa lori. Nikasema si neno, nikachora na unga wa mahindi. Ilikuwa H nzuri sana, Mwende mwenyewe hawezi kuandika kama hiyo. Nikageuka kidogo kuongea na mpishi. Kurudi, kuku wamefika. Wamekula mguu mmoja wa juu umekwisha. H yangu ikabaki kama kiti.

Chopa ikatokea. Sasa wamama wa huko, kwa furaha, wakatoa leso, wakaingia uwanjani wanaimba, wanapepea leso juu ya kichwa na mikono miwili, hivi, inapishana. Mnajua vile tunakaribisha mtu. Chopa ikakaribia, ikasimama hewani kidogo. Halafu ikainuka, ikageuka, ikaenda. Wamama wakapepea zaidi. Ikaenda zaidi.

Ilishuka kwa shule moja ng'ambo ya kilima. Bwana harusi akaletwa na bodaboda, suti nyeusi imekuwa rangi ya matofali, na nyuma yake best man ameshikilia keki. Baba ya bibi harusi akauliza, "Na ile chopa tuliambiwa?"

Barasa alinieleza jioni. Ile mikono miwili kupishana juu ya kichwa, kwa rubani, maana yake ni: usishuke, hapa ni mbaya, ondoka. Na Kassim aliona kitambaa, aliona watu wako chini ya mapanga, aliona na ile kiti yangu ya unga. Barasa akasema, "Mlimfukuza bwana harusi na furaha." Hiyo ndiyo maneno mingi zaidi nilisikia akisema kwa siku moja.

Tangu hapo sheria yangu ikawa moja. Chopa ikija, watu wote wakae chini. Mtu amekaa hapepei, leso yake amekalia, kofia ameshika, na rubani anaona uwanja uko wazi. Kama unataka chopa ishuke, kaa. Ni rahisi kusema.

Sasa ile siku.

Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwangu upande wa Kanyangi, nimepewa ofu. Huku kwetu mvua bado, lakini kule juu milimani ilikuwa imenyesha usiku, na mto ukateremka asubuhi jua ikiwaka, mnajua vile unakuja, mwekundu, umebeba miti. Drifti, pale magari huvukia mto, ikafunikwa. Hakuna gari ya kuingia wala kutoka.

Nikiwa kanisani, nesi wa pale zahanati akaingia, akaenda moja kwa moja kwa jirani yangu Kavata. Kavata alikuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, kile kikundi cha wamama cha kulimiana na kuchimba mitaro. Mwanamke wa sauti. Akisema jembe juu, majembe yote juu. Binti yake Mutheu alikuwa amekuja nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza. Nesi akasema mtoto amelala kwa upande, hawezi kupita, anahitaji kupasuliwa, na ambulansi imesimama ng'ambo ya mto inauangalia tu.

Kavata hakulia. Aligeuka akaniangalia mimi. Kanisa yote ikaniangalia mimi.

Nikampigia Kassim. Alikuwa Kitui na chopa, amebeba watu wa kupima njia ya stima.

"Mama Mbithe, ngoja niombe ruhusa." Nikangoja, sikio imechomeka na simu. Akarudi. "Wamekubali. Lakini sikiliza. Mafuta niliyonayo ni ya kuja, kujaribu mara moja, labda na nusu, na kurudi. Fildi yenu ikoje?"

"Ni unga."

"Basi unaijua kazi yako."

Maji ya kufua haikuweko, ilikuwa Jumapili. Visima vya mchanga vimefunikwa na mto. Kavata akasema, "Si mto ni huu hapa?" Na ilikuwa kweli, ule ule mto ulitufungia njia ulikuwa umejaa maji ya matope, ile nzuri kabisa. Wanaume wenye nguvu wakasimama ukingoni na kamba kiunoni wanachota, na mwethya ukajipanga kutoka mtoni mpaka fildini, mtungi unapita mkono kwa mkono. Nguo za Jumapili, viatu vya Jumapili, hakuna mtu aliangalia. Mimi nasimama kwa fildi naonyesha: hapa, hapa, huku upepo inatoka, ongeza.

Maji walibeba bila neno. Shida ilikuwa vitambaa vya kichwa. Niliwaambia watoe, upepo itapeleka kwa mapanga. Wakakataa. Watatoaje kitambaa mbele ya pasta? Tumebishana hapo, mtoto wa watu anakufa. Pasta akasema, "Haya, mimi naangalia mto," akatugeuzia mgongo. Vitambaa vikatoka. Pasta aliangalia huo mto mpaka mambo yakaisha, nafikiri mpaka leo anaujua kila jiwe.

Mutheu akaletwa kwa kitanda cha kamba, akawekwa kando chini ya ukuta wa duka, nesi amemshika mkono. Nikawakalisha wamama wote kwa ukingo wa fildi. Nikawaambia, kaeni, hata mkitaka kuinuka, kaeni. Wakakaa.

Tukaisikia. Ikatokea upande wa Kitui, ndogo kama nzi, na ikaonekana kama inapita mbali kidogo. Ilikuwa haipiti, Kassim alikuwa anazunguka kutafuta upepo. Mimi najua hiyo. Kavata hakujua. Kavata aliona chopa ya mtoto wake inaenda zake.

Akainuka. Akafungua leso ya kiunoni, akaingia katikati ya fildi anakimbia, anapepea juu na mikono miwili, "Huku! Huku!" Na mwenyekiti akiinuka, nani atabaki chini? Wote nyuma yake. Leso kila rangi, mikono inapishana.

Chopa ilikuwa imeanza kuteremka. Niliona tumbo lake. Ikasimama hewani, ikayumba, ikainuka.

Hiyo ilikuwa ile mara moja. Imebaki nusu.

Kelele ilikuwa nyingi, hakuna kuongea. Nilianza kuvuta huyu, kusukuma yule, huyu anakaa yule anainuka. Halafu nikasikia kama mtu anakunywa chai nyuma yangu: Mama, unafukuza wote? Nikawaacha. Nikakimbia kwa Kavata peke yake, nikamshika mikono yote miwili, nikaiteremsha. Nikaweka mdomo kwa sikio yake.

"Unamwambia aende. Hiyo mikono inamwambia aende."

Akaniangalia kama nimempiga.

"Kaa chini, Kavata. Ukikaa wewe, wote watakaa."

"Atanionaje nikikaa?"

"Ameshakuona. Sasa aone uwanja."

Mnajua ni nini kumwambia mzazi akae, na msaada wa mtoto wake uko hapo juu unageuka? Mimi singeweza. Yeye alikaa. Nilimvuta mpaka ukingoni na akakaa pu, kwa matope, na rinda lake jeupe la kanisa. Na nyuma yake, kama mtu amekata kamba, mwethya wote wakakaa. Fildi ikawa tupu. Mimi nikabaki nimesimama, mgongo kwa upepo, mikono imenyooka mbele, vile Barasa alinifundisha.

Chopa ikarudi. Vumbi kidogo ikainuka kule mbali, mahali hatukufika na mitungi. Hapa karibu ilitulia kama kitambaa kimepigwa pasi. Ikagusa.

Tulimwingiza Mutheu kutoka mbele, tumeinama, nesi akaingia naye. Hakukuwa na nafasi ingine. Kassim alinionyesha kidole gumba kupitia kioo, akaenda.

Sasa mnafikiri tulienda nyumbani. Kavata alikataa kuinuka. Pasta alikuja, bado anaangalia kando, akasema, "Mama, njoo tuombe ndani." Akasema, "Mimi nimeambiwa nikae. Nitainuka nikisikia." Sisi tungeenda wapi? Tulikaa naye. Matope ikatukaukia miguuni. Mtu akaleta chai, mtu akaanza wimbo. Wingu ikaja kutoka milimani, ikatunyeshea, mvua ya kwanza ya huo msimu, na mwenyekiti ameketi tu inampiga.

Simu ikalia kwa mfuko wangu. Nesi hakusema hata halo. Alisema, "Msichana. Na mama yake anaomba uji."

Mtoto aliitwa Mumbua, kwa sababu ya ile mvua, kwetu mvua ni mbua. Kassim alipokuja kumwona aliniambia, "Mama Mbithe, mara ya kwanza niliona watu wananiambia usije. Mara ya pili niliona kijiji kizima kimekaa kama maharagwe kwa sinia. Nikasema, hapo kuna Mbithe." Nikamwambia hapana, hapo kuna Kavata. Ile ya beberu wa Mwingi sijawahi kumwambia Kavata. Mwende, hapo kwa beberu ukimsomea, ruka.

Hiyo ndiyo nilitaka kuwaachia. Ya maji mtasahau na mtajifunza tena mkiaibika. Ya mkia msisahau, hiyo haina kuaibika, ina kufa. Na mkifika mahali watu wameingia na wasiwasi, msipigane na wote. Tafuta Kavata wao.

Yeye sasa amezeeka, masikio yamechoka, lakini chopa anaisikia kabla yangu. Na akiisikia, anakaa. Mahali popote. Amekaa sokoni katikati ya nyanya za watu. Juzi ilikuwa harambee ya kanisa, tumepanga mstari tunaenda kutoa, chopa ikapita juu sana, inaenda mambo yake. Kavata akakaa chini na sadaka mkononi. Sisi wa mwethya tuliobaki tukaangaliana, magoti yetu mnayajua, tukakaa. Vijana wakacheka. Wageni wakafikiri ni maombi.

Mumbua alitoka kwa kwaya na yunifomu yake ya shule akaja mahali bibi yake ameketi, akampa mkono.

"Susu, imepita."

"Imeshuka?"

Huyo mtoto hajui hiyo chopa ilikuwa inaenda wapi. Hakuna mtu alijua. Lakini kila mara anamjibu hivyo hivyo.

"Imeshuka vizuri, Susu."

"Haya," Kavata akasema, akashika huo mkono, akainuka.